Sola Iliyotazama Barabara

Tumbaku ilipoanza kununuliwa na watu binafsi, Fidelisi wa Lusewa alivuna vizuri, akaapa mkewe Kasiana hatapika tena kwa koroboi. Akafunga sola juu ya jiko, kile kibanda cha nyuma ya nyumba. Lakini jamani, aliifunga upande wa barabarani, chini ya kivuli cha mparachichi, ili wapita njia waione! Taa ikawa inazimika hata ugali haujaiva.

"Baba Esteria, ihamishie kwenye jua," Kasiana alimsihi.

"Huko nyuma nani ataiona?"

Kasiana akawasha koroboi yake.

Masika yalipofika, Kasiana aliugua, akafa. Wanawake waliokuja msibani walipika kwa koroboi ileile. Matanga yalipoanuliwa, Fidelisi alipanda paani, akaihamishia sola kwenye jua. Kazi yenyewe ilikwisha kabla jasho halijamtoka.

Siku hizi taa huwaka mpaka kunakucha. Fidelisi hula kwa bintiye Esteria, kisha hurudi kukaa mlangoni pa jiko. Mafiga yote matatu yanaonekana vizuri, na majivu yake yamepoa.