Maikrofoni Iliyosikia Mpaka Uani

Kuna ukumbi mmoja pale Bagamoyo mjini ambao mpaka leo nikipita karibu yake nageuzia uso upande wa pili, na msidhani natania. Aibu niliyoipata mle ndani nimekuwa nikiisimulia nusu nusu, leo nawapa yote. Mke wangu Rehema hahitaji kusimuliwa, alikuwemo, na katikati ya mambo alihama meza ili watu wasijue amekuja na mimi.

Yalianzia dukani Kariakoo. Nilikuwa nimejibana muda mrefu nifungue studio ndogo nyumbani kwangu hapa Zinga, kwenye kile chumba cha nyuma tulichokuwa tunawekea magunia ya mkaa, nirekodi kaswida, matangazo ya maduka, na wale vijana wanaotaka kuimba wasihangaike kwenda mpaka Dar. Nilishaangalia vidio za mafundi wa sauti mpaka Rehema akawa ananiuliza kama nimeoa yeye au simu, kwa hiyo siku ya kununua niliingia dukani najiona ninaelewa. Muuzaji, dada mmoja mpole, akaniwekea maikrofoni mbili mezani. Moja fupi, nyeusi, akasema hii inasikia mdomo ulio mbele yake, basi. Ya pili kubwa, inang'aa, imening'inizwa kwenye vyuma vyake kama buibui, akasema hii inasikia kila kitu.

"Chumba chako kimetulia, kaka, au kina kelele za nje?" akaniuliza.

Nikamjibu kimetulia kabisa. (Chumba chenyewe dirisha lake linatazama uani, paa ni bati, na jirani anafuga bata.) Lakini ile kubwa ndiyo niliyoiona kwenye vidio zote, na mimi sikutaka mteja aingie studio akute kitu kama cha kutangazia dawa ya panya sokoni. Nikaichukua, na kwa vile ilimeza karibu fungu lote, hedifoni nikaziacha, nikasema nitasikilizia spika ndogo za kompyuta. Programu ya kurekodia nayo nikachagua yenye kitufe kimoja kinachofanya kazi zote, maana ile nyingine ilitaka mtu akae ajifunze na mimi nilikuwa na haraka ya kuitwa fundi. Kitufe hicho ukikibonyeza, sauti iliyo juu kinaishusha, na iliyo chini kinaipandisha mpaka zote zilingane. Hilo la kupandisha ndilo lililonimaliza.

Kazi yangu ya kwanza ya maana nililetewa na jirani yetu, Mama Zuhura. Binti yake Zuhura alikuwa anaolewa, na bibi aliyemlea tangu mdogo, Bi Mwanahawa, ambaye ni mama mzazi wa Mama Zuhura, miguu ilikuwa haimruhusu tena kupanda gari mpaka mjini. Akasema kama yeye hafiki ukumbini, basi sauti yake ifike, amuusie mjukuu wake mbele za watu.

"Hamisi, hii si nyimbo," Mama Zuhura akaniambia. "Hii ni sauti ya mama yangu, na sijui nitakuwa naye mpaka lini. Isikatwe hata neno moja."

Bi Mwanahawa akaja, Rehema amemshika mkono, tukamkalisha kwenye kiti chenye mto. Kulikuwa na joto la kufa mtu, nikaona nikifunga dirisha nitampika bibi wa watu humo ndani, nikaliacha wazi. Nikamwambia aongee taratibu, ajione yuko na Zuhura peke yao, nikawasha mashine, nikatoka nje nimwache huru. Nikaenda kusimama uani kwenye kivuli, yaani (sijui akili yangu ilikuwa wapi) chini ya dirisha lile lile. Hapo simu ikaita, rafiki yangu Side, anataka kujua nimepotelea wapi. Nikaongea naye kwa sauti ya chini, kama mtu mstaarabu. Bibi alipomaliza nikarudi ndani, nikasikiliza mwanzo, nikasikiliza mwisho, kwenye zile spika ndogo, safi kabisa. Nikabonyeza kitufe changu, nikaweka kwenye flashi. Katikati sikugusa.

Siku ya sherehe nilivaa shati jipya, nikasimama karibu na mitambo ili watu wajue kazi ni ya nani. Mshereheshaji akaomba utulivu, akaeleza kwamba bibi hakuweza kufika lakini yupo nasi, na kweli alikuwepo, kuna mpwa wa Mama Zuhura alikuwa amempigia simu ya vidio ili naye aone kutoka kitandani kwake. Mpiga muziki akaiwasha.

"Zuhura, mjukuu wangu," ikatoka sauti ya Bi Mwanahawa, nzito, tamu, imejaa ukumbi mzima. "Ukiamka asubuhi, msalimie mwenzako kabla hujaishika simu."

Wanawake wakaitikia kwa vigelegele, Zuhura ameinamisha kichwa, machozi yanamtoka, na mimi kifua kimejaa. Bibi akanyamaza kidogo. Halafu ikaja sauti ya mwanamume, kubwa sawasawa na ya bibi, wala si ndogo.

"Bado niko na bibi, ndugu yangu. Anasema neno moja, anapumzika kama amepanda mlima. Kwa mwendo huu mpaka amalize, bibi harusi atakuwa na wajukuu."

Watu wakamtazama mshereheshaji, mshereheshaji akaitazama maikrofoni yake. Mimi nilisimama nikijiuliza ni mpumbavu gani huyu, nawaapia, ilinichukua muda kuitambua sauti yangu mwenyewe.

"Na ukikosea," bibi akaendelea, "usione haya kuomba radhi." Akanyamaza tena.

"Namwonea huruma bwana harusi," nikajibu mimi kutoka kwenye spika, utadhani tunapokezana. "Mkwe anayempata, yule akikusalimia tu unaanza kutafuta kosa ulilofanya. Mimi nasubiri pilau, basi."

Mama Zuhura alikuwa amekaa mbele kabisa. Mpiga muziki akamtazama yeye, maana alishaambiwa sauti ya mama isikatwe hata neno, na yeye macho yake yalikuwa kwenye spika. Mimi nikaona niokoe jahazi, nikarukia waya wa kwanza niliouona nikauvuta. Zikazimika taa za mapambo na feni zote. Spika zilikuwa na waya wake mwingine. Na feni ziliponyamaza, ukumbi ukawa kimya kiasi kwamba hata mlio wa bata wa jirani yangu ulisikika vizuri, na mimi nikisema, "Ngoja, nadhani anakaribia."

Hapo mpiga muziki akakata mwenyewe. Watu wote walinigeukia, nimeshika waya mkononi. Hakuna aliyecheka. Mama Zuhura akasema taratibu tu, "Nenda nyumbani, Hamisi." Nikaenda. Pilau sikuionja.

Kesho yake asubuhi nikapeleka miguu yangu kwa Bi Mwanahawa, maana nilijua kule kwenye simu alisikia yote. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kama siku zote, nikaanza kuomba radhi huku nimetazama jamvi. Akaniacha mpaka nikaishiwa.

"Sikuanza kuyasikia jana, mwanangu," akasema. "Nilikusikia siku ile ile. Dirisha lilikuwa wazi."

Nikanyanyua uso. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilidhani una mgeni. Kila ukianza kusema nikawa nanyamaza, nakungoja umalize, nisikukatishe."

Nawaambia, yale ya ukumbini yalinishtua, lakini haya yaliyazidi. Bibi hakuwa anapumzika. Kila nilipomcheka kwa kunyamaza, alikuwa ananyamaza kwa ajili yangu. Na Mama Zuhura alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza.

"Sasa lete mashine yako," bibi akasema. "Zuhura hakuyasikia yaliyobaki, na ndiyo yenyewe."

Nikaileta, nikakaa mbele yake kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho, simu nimeiacha nyumbani. Flashi akaipeleka Mama Zuhura kwa mkono wake, baada ya kuisikiliza yote mbele yangu bila kupepesa macho.

Tangu hapo nimerudisha ile maikrofoni ya buibui nikachukua ile nyeusi fupi, nimenunua hedifoni, na ile programu ya kujifunza taratibu ndiyo ninayojifunza sasa, taratibu. Na nimejiapiza: kazi haitoki kwangu mpaka nimeisikiliza yote, hasa pale ambapo mtu amenyamaza.