Kaburi Nililokuwa Nikilifagia

Ngozi ya ng'ombe ikiungua ndani ya gari hutoa harufu isiyotoka puani upesi: kwanza kama nyama iliyosahauliwa jikoni, kisha kama kwato, kisha kama nywele. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya msimu wa mvua tuliorudi Koboko, mji wetu wa mpakani, kutoka Kongo, nikiwa msichana mkubwa wa kutosha kubeba mtungi lakini si wa kutosha kuulizwa maoni. Gari la Kifaransa la baba, lililotuvusha mpakani wakati wa vita na kuturudisha baada ya miaka, liliunguza klachi kwenye mlima wa mwisho, tukalisukuma hadi uani. Fundi wa mjini alikata ngozi ya ng'ombe kwa mfano wa ile sahani ya klachi iliyokwisha, akaipigilia misumari ya shaba, akaifunga. Gari likaondoka kwa madaha, likafika msikitini, likafuka moshi na kusimama mbele ya watu waliokuwa wanatoka kuswali. "Hiyo si klachi, hiyo ni mchuzi," mmoja akasema, na jina la Mchuzi likamganda baba mpaka uzeeni.

Nyumba tuliyoikuta haikuwa na milango wala mabati. Aliyekuwamo ni mama yake baba, ambaye kwa desturi ya Wanubi tulimwita Haboba. Yeye alikataa kukimbia. Alisema waporaji walichukua kila kitu, hata bawaba, na baba alipouliza habari za sanduku la vipuri alilokuwa ameliacha, lenye klachi mpya ambayo haijaguswa, Haboba akamjibu, "Kila kitu, mwanangu. Hata sufuria iko na maharage ndani walibeba." Kitu pekee kilichoongezeka nyumbani ni kaburi moja, nyuma ya jiko, lenye jiwe kichwani na jiwe miguuni. Haboba alisema ni la kaka yake, Babu Juma, aliyefika kutoka Sudan akiwa mgonjwa vita vilipokuwa vimepamba moto. Kazi ya kulifagia nikapewa mimi. Kila Ijumaa nilitoa majani, nikamwagia maji vumbi lilale, nikamsalimia Babu Juma na kumweleza shida zangu: kwamba watoto walicheka Kiswahili changu cha Kongo, kisha nikamwomba amsaidie baba apate klachi. Wapita njia walisimama wakasoma Fatiha. Hata maalimu wa madrasa alisimama, kanzu yake ikilowa mvua.

Baba alikuwa dereva na hakujua kazi nyingine. Gari likipona, angebeba abiria na mihogo kati ya Koboko na Arua, nasi tungeezeka nyumba. Basi akatafuta. Alipanda juu ya malori ya tumbaku hadi Arua, akapekua vibanda vya vyuma chakavu sokoni, akarudi na sahani ya gari jingine iliyokuwa pana kupita kiasi. Alisikia huko Ludara kuna gari kama letu limelala shambani, akaenda kwa miguu, akakuta kuku wanataga ndani yake na injini imekwisha kung'olewa. Kila aliporudi, Haboba alimpa maji ya kunawa na uji, akamtazama anavyokunywa. Nilidhani ni huruma. Mwisho baba akatangaza kwamba angerudi Kongo, hadi Bunia ikibidi, na asingerudi mikono mitupu. Mama akalia. Njia ile ilikuwa na watu wenye bunduki wasiojulikana ni wa nani. Tena babu yetu mzazi, mume wa Haboba, alikuwa mwanajeshi, naye aliondoka siku moja na gari la kazi akisema anarudi kesho. Ile kesho haijafika mpaka leo.

Asubuhi ya safari baba alikuwa amekwisha kufunga mkoba na kuvaa viatu. Haboba alitoka jikoni, akachukua jembe lililoegemea ukuta, akapita mbele yetu, akaenda moja kwa moja kwenye kaburi. Jembe likashuka. Nilimwona Babu Juma wangu akifumbua macho. Mama alimshika mkono akisema, "Mama, umepatwa na nini?" naye akaupangua mkono ule kama anayefukuza inzi, akaendelea kulima. Hakuna mwingine aliyesogea; kufukua maiti ni jambo ambalo hata wendawazimu wa Koboko hawakulifanya. Halafu jembe likagonga bati. Haboba akapiga magoti, akavuta sanduku, na ndani yake kukaonekana sanda. Sanda kweli, nyeupe, iliyoingia mafuta. Aliifungua taratibu, na sahani ya klachi ikang'aa kwenye jua la asubuhi, imepakwa grisi, safi kuliko kitu chochote tulichokuwa nacho.

"Wakati ule waporaji walichoma udongo kwa vyuma, wakitafuta vitu vya watu," Haboba alisema. "Cherehani walitoa, baiskeli walitoa. Kaburi tu ndiyo waliogopa. Mimi na jirani tulimzika huyu, tukalia mpaka sauti ikaisha."

Baba aligusa ile grisi kwa kidole. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, wewe uliniona natafuta mvua nzima."

"Niliona. Gari ikipona, utakwenda. Baba yako alikwenda na gari." Akakung'uta udongo magotini. "Sasa naona hata bila gari unakwenda. Chukua chuma yako, Mchuzi."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini nani angeambiwa mvungu wenyewe ni kaburi? Maalimu alipopata habari alisema Fatiha haipotei, itakuwa imemfikia mtu fulani. Mimi sikula siku ile. Siri zangu zote nilikuwa nimeieleza klachi. Lakini gari lilitembea, na baba, kwa miaka yote aliyolitia barabarani, alihakikisha anazima injini uani kabla ya magharibi, Haboba akiwa mlangoni na maji ya kunawa.

Ugonjwa wa kuondoka aliouogopa Haboba ulimruka baba ukanishika mimi. Nimeishi Juba, nimeishi Bunia, sasa nina chumba Arua na lile gari nimelirithi. Mwaka huu klachi imekwisha tena. Arua imekuwa jiji. Nimepita duka kwa duka, mfanyabiashara mmoja wa Sudan Kusini akaipiga picha na kuituma kwa jamaa zake miji mitatu, majibu yakarudi kabla chai yangu haijapoa: hakuna. Zamani baba alichukua msimu mzima kuambiwa neno hilo. Fundi kijana akanishauri, "Mama, hii gari iko mzee. Wacha ilale." Nikaenda Koboko kumlalamikia kaka yangu Rajabu, aliyebaki kutunza nyumba, ambaye kila ninapoaga hunisindikiza mpaka barabarani na kusimama hapo mpaka nipotee.

"Umetafuta wapi, dada?" akauliza.

"Arua yote."

"Na ukiipata, utakwenda wapi safari hii?"

Nikamsogezea kikombe. Rajabu akainuka kunitilia chai, na hakuwa anacheka. Nilijikuta natazama nyuma ya jiko, alikolala Haboba na alikolala baba, ambao niliwaona kwa macho yangu wakizikwa, na pembeni yao tuta moja dogo, lenye jiwe kichwani na jiwe miguuni, limefagiwa vizuri, ambalo sikumbuki kuambiwa ni la nani.