Laini ya Ruguru

Ukipita Kibugu umuulize mtu yeyote kwa Ruguru ni wapi, atacheka kwanza ndipo akuelekeze. Hacheki kwa ubaya. Amekumbuka tu kikatio cha kabichi.

Ruguru ni mama wa miaka sitini na saba, mfupi, mwenye sauti inayovuka bonde bila kuchoka. Amechuma majani chai tangu alipoolewa, na shamba lake linaishia pale msitu wa mlima unapoanzia. Ana ng'ombe wawili, kuku kadhaa, na maoni kuhusu kila kitu. Tangu mumewe afariki amejiendeshea mambo yake mwenyewe: ameuza ndama, amejenga jiko jipya, amemshtaki jirani kwa chifu na akashinda. Kwa hiyo mwaka jana, alipoona kwenye simu ya jirani yake Purity picha ya mashine ya kukatia ng'ombe majani, bei yake nusu ya ile ya dukani, hakuomba ushauri wa mtu. Alitoa mfukoni kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe, akalipa elfu nne papo hapo, kisha akaenda kufagia mahali pa kuiweka.

Mzigo ulifika kwa bodaboda baada ya siku tano. Ulikuwa mdogo kama Biblia. Ndani mlikuwa na kibao cha plastiki chenye wembe katikati, cha kukatia kabichi. Ruguru alikigeuza mara mbili, akachungulia tena ndani ya boksi, kisha akamuuliza yule wa bodaboda mashine yenyewe inakuja na lori gani. Nambari aliyoilipa ilikuwa imezimwa, na ule ukurasa wenye picha ulikuwa umetoweka. Wiki nzima watu walipita kwake kumuuliza kama siku hizi ng'ombe wa Kibugu wanakula kachumbari.

Kucheka kwa watu hakukumsumbua, maana hata yeye alicheka. Kilichomuuma ni alichofanya Misheck.

Misheck ni mwanawe wa pili, karani katika ofisi moja Embu mjini, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa hata wakati wa mvua. Misheck ni jina la ubatizo. Jina lake la nyumbani ni Gachoki, na Gachoki alikuwa baba mzazi wa Ruguru, kwa sababu huko mtoto wa kiume wa pili hupewa jina la baba wa mama yake. Basi Ruguru, kama akina mama wengine wa pale, humwita mwanawe "Baba". Alimwita Baba akimnyonyesha, akamwita Baba akimchapa, na humwita Baba mpaka leo.

Jumamosi ile Misheck alipanda Kibugu na hotuba aliyoitayarisha njia nzima.

"Mama, hao wakora wakishakula kwako mara moja, nambari yako wanapeana kwa wengine," alisema. "Hii laini nitakaa nayo mimi. Nimekuletea ingine ya kupiga tu, haina mambo ya pesa."

Laini hiyo Ruguru alikuwa nayo miaka kumi na minne. Pesa ya chai iliingia humo. Akina mama wa chama walimpata humo. Misheck aliichomoa, akaitia kwenye simu yake mwenyewe, na kuanzia siku hiyo Ruguru akitaka hata chumvi ilibidi apige Embu mjini na kueleza ile ya juzi imeisha vipi.

"Baba," alimwambia, na safari hii hakukuwa na utani katika sauti, "hata babangu aliyenizaa hakuwahi kunifungua mkono atoe kilicho ndani."

Misheck aliangalia viatu vyake. Alisema ni kwa usalama wake. Kisha, ili aondoke bila ugomvi, akaongeza: "Siku utakuwa na simu ya maana, na ujue kutofautisha watu na wakora, nitakurudishia."

Pengine alidhani ni maneno ya kupita. Ruguru aliyashika kama risiti.

Aliweka pesa ya maziwa miezi saba. Mwezi wa nne mwaka huu alivaa koti la kanisani, akafunga nyumba, akaenda Runyenjes. Embu mjini kuna maduka mengi zaidi na ni karibu zaidi, lakini huko Misheck anajulikana, na Ruguru hakutaka kuonekana ananunua simu halafu apigiwe hotuba ya pili. Tena Runyenjes kuna Kasim, mchinjaji, anayenunua madume kwake miaka kumi na mbili sasa, na mizani yake haijawahi kumdanganya. Binti yake, Mwanakombo, ana duka la simu ukuta mmoja na bucha. Kwa hesabu ya Ruguru, hiyo ilikuwa dhamana ya kutosha.

Kabla hajafika mlangoni, kijana mmoja mwenye simu tatu mkononi alimkinga njia.

"Shosho, hii ni orijino kabisa. Kamera nne. Elfu kumi na tano. Sawa, kumi na mbili. Basi leta tisa."

Ruguru alikuwa bado hajafungua mdomo. Alimtazama yule kijana kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Umenishushia mara mbili na sijaomba," alisema. "Hiyo ng'ombe ina ugonjwa gani?"

Mwanakombo alisikia akiwa ndani, akacheka mpaka akashika kaunta. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mtandio umefungwa vizuri, bisibisi ndogo sikioni mahali wengine huweka kalamu.

"Karibu, shosho. Wewe ndiye wa yule dume mwekundu? Baba bado anamwongelea."

Ruguru aliwekewa simu nne juu ya kaunta, naye akazikagua kwa njia pekee aliyoijua. Alizipima uzito mkononi. Alizipitishia kidole ukingoni kutafuta ufa. Kwa kila moja aliuliza imetoka wapi, nani alikuwa nayo, na kama alikuwa nayo, mbona aliiuza. Wateja wengine wangeambiwa wasipoteze muda. Mwanakombo alijibu yote, na kila jibu lilizidi kumfurahisha.

"Hayo maswali yako watu wangekuwa wanayauliza, nusu ya wale wa nje wangekosa kazi," alisema. "Angalia. Nambari iliyo kwa boksi na hii iliyo ndani ya simu lazima ziwe moja. Soma mwenyewe."

Ruguru alisoma tarakimu kumi na tano, moja moja, akirudia kila ilipobidi. Zilikuwa moja.

"Na hizi kamera nne?"

"Unataka kupiga picha gani, shosho?"

"Ng'ombe."

"Moja inatosha. Wewe chukua ya betri kubwa, huko kwenu stima inapotea. Na nitakuandikia risiti yenye hiyo nambari. Ikikusumbua kabla ya mwaka kuisha, unarudi hapa, hauendi kwa fundi wa barabarani."

Ikachaguliwa nyeusi ya betri kubwa. Ruguru akahesabu pesa ya maziwa, Mwanakombo akaiwasha simu, na hapo shida ikaanza. Simu ilitaka kidole cha mwenyewe ili imjue. Ruguru alibonyeza gumba, ikakataa. Akafuta gumba kwa koti, ikakataa tena. Akajaribu cha shahada, cha kati, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Miaka arobaini na mitatu ya kuchuma chai ilikuwa imelamba mistari yote ya vidole vyake, vikabaki laini na vyeusi, na simu ikawa inauliza kwa adabu kama kuna mtu mwingine.

Ruguru alinywea. Alikuwa ametoka nyumbani kwa furaha, na sasa kitu alichokinunua kwa pesa yake kilimwambia hakimtambui. Alimwazia Misheck, na jinsi atakavyosema, "Weka kidole changu basi."

"Hiki je?" Mwanakombo aliuliza, akimshika kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. "Hiki unachuma nacho?"

Ruguru alifikiri. Alichuma hewani kidogo, vidole vikacheza. "Hapana. Hicho huwa kimekaa tu."

Kiliwekwa. Simu ikafunguka, na bucha nzima ya jirani ikasikia Ruguru alivyocheka.

Ilibaki laini. Ile ya kupiga tu ilikuwa ya kadi kubwa, nayo simu mpya ilitaka ndogo, kwa hiyo Mwanakombo alichukua kikatio chake, akaikata na kuilainisha kwa uangalifu. Kati ya vidole na kukata, kabambe ikiwa imezimwa, Ruguru alikuwa hapatikani kwa karibu saa nzima. Kadi ilipoingia, simu haikumaliza hata kuonyesha saa. Iliita.

"Mama?" Ilikuwa sauti ya Misheck, imepanda kuliko kawaida. "Mama, uko hospitali gani?"

"Niko Runyenjes. Niko dukani."

"Hujaanguka?"

"Nimesimama, Baba. Nani ameanguka?"

Misheck alianza kueleza, akajichanganya, akaanza upya. Alikuwa amepata ujumbe kwa nambari ngeni. Mama ameanguka, amepelekwa hospitali, simu imevunjika, anatumia ya nesi. Alipiga kwa mama mara sita, hapatikani. Roho ikamruka. Akatuma elfu nne waliyoitisha ya dawa, kwa pesa yake. Sasa wamerudi, wanataka elfu kumi na mbili ya kulazwa. Yeye hana, kwa hiyo alikuwa ameshafungua laini ya mama, pesa ya chai, ameshaandika kiasi na nambari, amebakisha nambari ya siri tu. Kidole kilikuwa juu ya simu, akasema wacha nijaribu kupiga mara moja tu ya mwisho.

Ruguru aliketi kwenye kiti cha mteja. Mwanakombo, aliyesikia yote, alimwonyesha kwa mkono: afute, asitume.

"Futa hiyo, Baba. Umefuta?"

"Nimefuta."

"Sasa nisomee huo ujumbe. Pole pole."

Misheck alikohoa. "Mwanangu Misheck, ni mama yako. Nimeanguka vibaya na simu—"

"Rudia hapo mwanzo."

"Mwanangu Misheck..."

"Baba," alisema Ruguru, "tangu nikuzae, nimewahi kukuita Misheck?"

Upande wa pili ilisikika ofisi: mtu akichapa, mlango ukifungwa.

"Hapana, Mama."

"Siku uliyochoma jiko langu nilikuitaje?"

"Baba."

"Siku ya harusi yako, mbele ya askofu?"

"Baba."

"Mtu ambaye hajawahi kuniona amekuita Misheck, na wewe ukaitika."

Hakusema kwa ukali. Lakini Mwanakombo aliinamisha macho, akajifanya anapanga chaja. Misheck aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya yule mtoto wa jiko lililoungua.

"Niliogopa, Mama. Nilidhani umekufa nikiwa na laini yako mfukoni."

Hapo Ruguru akafuta macho kwa kile kidole kidogo. Alitaka kumkasirikia, hasira ikakataa.

"Sijakufa. Niko na simu mpya. Mwenye duka anasema upige kwa kampuni ya simu sasa hivi waizuie hiyo pesa, na hiyo nambari uiripoti. Halafu Jumamosi uje."

Pesa haikupatikana. Ilikuwa imeshatolewa kabla Misheck hajapokelewa simu yake.

Jumamosi alikuja bila hotuba. Aliweka ile laini mezani, imefungwa kwenye bahasha ya ofisi, na Ruguru akaitia mwenyewe kwenye tundu la pili la simu nyeusi. Kisha akabadilisha nambari ya siri, Misheck akiwa ameambiwa atazame ng'ombe dirishani. Misheck alijaribu mara moja tu. Alisema labda aweke na yeye kidole chake humo, kwa dharura. Ruguru alimwambia chakula kiko tayari.

Kilikuwa ugali, nyama ya kwa Kasim, na sahani kubwa ya kabichi iliyokatwa nyembamba sana, yenye nyanya na pilipili. Misheck aliitazama ile kabichi. Aliutambua mkato wa kile kikatio.

"Mimi nilitoa elfu nne nikapata hii," Ruguru alisema, akimwekea. "Wewe elfu nne yako ilikuletea nini?"

Misheck alicheka mpaka tai ikaingia kwenye sahani. Alikula mara mbili.

Siku hizi nambari ngeni humpigia Ruguru mara nyingi. Wengine wamempa gari, mmoja alimpa kazi Kanada. Huwasikiliza wote, kwa sababu chai ni nyingi na kuchuma peke yako kunachosha, kisha huwauliza bei ya kabichi huko waliko. Lakini hata nambari ya Misheck yenyewe haiaminiki tena kwa macho tu. Ikiita, Ruguru hufungua kwa kidole kidogo, husikiliza, na kabla ya salamu huuliza anaongea na nani. Na kule Embu mjini, katikati ya ofisi, mbele ya wenzake wote wenye tai, karani mzima wa miaka arobaini husimama na kujibu bila aibu, "Ni mimi, baba yako."