Ng'ombe wa Kuazima Kwenye Mahari ya Bahati

Jamani, haya ninayowaambia leo mke wangu ameshayasimulia kila mahali, kanisani, kwenye bomba la maji, hata kwenye foleni ya chakula, kwa hiyo bora mnisikie na mimi nikijiaibisha kwa mdomo wangu mwenyewe, maana yeye akifika kwenye sehemu ya ng'ombe huwa anaongeza chumvi, ingawa nakubali kwamba hata bila chumvi ile ilikuwa aibu ya kumtosha mtu maisha yake yote.

Mnanijua. Kule Nakivale, kambi ya wakimbizi kusini mwa Uganda, si mbali na Kabazana, watu waliniita Papa Muda Iko, kwa sababu kila nilipoulizwa jambo jibu langu lilikuwa hilo. Paa linavuja? Muda iko, mvua bado. Maharage yamekaukia shambani? Muda iko, hayakimbii. Siyo kwamba nilikuwa mvivu (mke wangu, Mama Furaha, anasema nilikuwa mvivu, lakini nani anasimulia hapa, mimi au yeye?), ila niliiamini sana siku ya kesho, niliiamini kuliko hata watu ninaoishi nao.

Sasa, mwaka mmoja likaja shirika kutufundisha wakulima mambo ya kupanga muda. Tukakaa chini ya turubai, tukapewa soda, tukaambiwa kazi kubwa igawanywe vipande vidogo, uanze na kile kizito, usiahirishe. Nilipenda mafunzo yale kupita kiasi. Niliuliza maswali mpaka wenzangu wakaanza kuniangalia vibaya kwa sababu walitaka kwenda nyumbani, na mwisho nikapewa sertifika, nikachaguliwa niwafundishe wengine, basi nikawa nazunguka kwa majirani, mtu yuko katikati ya kupalilia mihogo yake, mimi namsimamisha nusu siku nzima nikimweleza ubaya wa kupoteza wakati.

Ndiyo maana Bahati aliniamini. Bahati ni mtoto wa kaka yangu mkubwa, kaka ambaye tulimzika Kivu kabla ya kukimbia vita, na mimi ndiye niliyembeba kijana huyo mgongoni njia nzima, kwa hiyo kwa desturi zetu baba yake ni mimi. Alikuwa Mbarara akichomelea milango ya chuma, akapendana na Peninah, binti wa askari mmoja Mnyankole, mtu wa kabila la wafugaji, tuliyemwita Sajini. Ile familia iliguna kwanza kusikia habari ya mkimbizi, wakaguna tena, halafu wakakubali, wakasema tulete ng'ombe mmoja tu, mtamba, yaani jike ambaye hajazaa, na baba wa kijana aje mwenyewe kusema maneno.

Bahati akaja Nakivale na pesa ya ng'ombe, yote, amefunga kwa mpira.

"Baba mudogo," akaniambia, "weye njo unajua mambo ya wakati. Shika hii. Kule Endiinzi kuko bangombe mingi, utachagua mupole mupole."

"Usiogope, mutoto wangu. Muda iko."

Na kweli muda ulikuwepo, tulikuwa na miezi. Mimi nikafanya kama nilivyofundishwa, nikaanza na ratiba. Nikanunua kalamu za rangi na karatasi kubwa, nikachora vyumba: wiki ya kuulizia, wiki ya kutazama, wiki ya kupatana bei, wiki ya kumnenepesha. Rula ikiteleza narudia upya, kwa sababu kazi ya mtu mwenye sertifika haiwezi kuwa na mstari uliopinda. Tatizo ni kwamba wiki ya kuulizia iliisha nikiwa bado naichora, ikabidi nitengeneze ratiba nyingine inayoanza wiki inayofuata, na hiyo nayo (mnajua wenyewe) ilihitaji rangi yake. Majirani walikuja kuitazama ukutani. Hata pasta aliisifu.

Mama Furaha peke yake ndiye hakusifu. "Weye unachora ngombe ao unanunua ngombe?"

"Mama, kazi bila programu ni bure."

"Sawa. Basi tutapelekea bakwe hii makaratasi, bakamue."

Siku moja asubuhi nikaamka, nikatazama ukutani, nikaona chumba chekundu kimeandikwa SHEREHE, na chumba hicho kilikuwa kesho yake. Nikapanda boda mpaka Endiinzi, pesa yote mfukoni, nikakuta siku ya soko la ng'ombe ilikuwa jana, na wenye ng'ombe wamekwenda kunywesha, na kila niliyemfikia alinishangaa, kwa sababu kwa watu wale ng'ombe hanunuliwi kama mkate, unakaribishwa kwanza, unakunywa maziwa, mnaulizana habari za nyumbani, unarudi siku nyingine, na mimi siku nyingine sikuwa nayo.

Mwisho nikafika kwa mzee Yosamu, mtu aliyekuwa akinunua maharage kwangu. Nyuma ya nyumba yake alisimama ng'ombe mwekundu wa kuiva, mwenye pembe ambazo mlango wa kanisa letu ungezikataa, jina lake Bihogo.

"Hii mimi hapana uza, ssebo," Yosamu akasema, akiniita bwana kwa lugha yake. "Hii ni ya rafiki."

Mtu mwenye nafasi angeuliza maana yake. Mimi sikuwa na nafasi. Na hapo ndipo nilipofanya lile jambo dogo, dogo kabisa, lililoniangusha. Nikasema, "Basi uniazime tu, muzee. Ni ya kupiga nayo picha ya harusi. Kesho mangaribi inarudi."

Akacheka sana. Alikuwa anajua Wakongo tunavyopenda picha (kweli tunapenda), kwa hiyo hakushangaa. Akasema sawa, lakini jioni lazima arudi, kisha akaongeza maneno fulani juu ya ndama, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta kamba.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: nawaonyesha wakwe, wanafurahi, halafu nawaambia kwa desturi yetu ng'ombe wa mahari lazima arudi kwanza kwa kijana abarikiwe, soko likifika nanunua mwingine mwekundu, napeleka, kazi imekwisha. Sisi kwetu ni watu wa mihogo na samaki. Kwangu mimi ng'ombe alikuwa miguu minne na mkia, nani angejua tofauti?

Kesho yake tulikodi Dyna, lori dogo la mizigo. Mama Furaha alikuwa ameondoka alfajiri na basi pamoja na masufuria yake, nikabaki mimi na ng'ombe, na kwa kuwa Bihogo alikataa kupanda bila mtu wa kumvuta, kisha akakataa kutulia bila mtu wa kumshika, nilisafiri huko nyuma naye, mimi na kositimu yangu, suti ya kuazima (ndiyo, na kositimu pia, msicheke bado), na barabara ile mnaijua ilivyo na mashimo, kila shimo ananiegemea, na ng'ombe akiogopa huwa hajizuii. Tulifika Mbarara tumechelewa, na mimi nanuka.

Kwa Sajini, nje kidogo ya kambi ya jeshi, hema lilikuwa limejaa: maaskari wenzake wamevaa mashati meupe, wake zao, wazee kutoka vijijini, wote wameshachoka kungoja. Lakini Bihogo alipoingia uani, jamani, wote waligeuza vichwa. Sajini akainuka, akamzunguka, akatikisa kichwa.

"Hii ng'ombe ni mzuri sana."

Nilivimba. Bahati, pale alipokaa na suti yake mpya, alinitazama akatabasamu, na mimi badala ya kukaa chini nikashika maneno, nikawaambia sisi ni ukoo wa watu wanaoheshimu wakati. Kuna mtu alikohoa. Ndipo Bihogo akalia. Akalia tena, kwa sauti ya kumwita mtu aliye mbali, na maziwa yakaanza kumdondoka, tone kwa tone, juu ya zulia waliloazima kwa jirani.

Sajini akainama kutazama. "Ssebo, hii nazaa? Sisi nasema mtamba."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu, "Afande, ile maziwa ni matabishi." Matabishi kwetu ni ile nyongeza ya bure anayokupa muuzaji.

Watu wakacheka, na huenda ningepona hapo. Lakini nyuma kabisa aliketi mzee mmoja mwembamba, kaka mkubwa wa Sajini, mzee Eriya, mfugaji wa Endiinzi. Alikuwa akinywa uji wake taratibu. Akaweka kikombe chini, akasimama, akasema kwa sauti ndogo tu kama anayemwita mjukuu, "Bihogo."

Kamba nilikuwa nimeizungusha mkononi ili asikimbie. Hakukimbia, alikwenda kwa mzee wake kwa njia fupi, nayo njia fupi ilipita katikati ya viti, na mimi nikaipita nikiwa nimelala, nikaangusha wake wa maaskari wawili na meza ya soda, mpaka nikasimamishwa na viatu vya mzee Eriya. Nilipoinua macho, ng'ombe alikuwa anamlamba shingo.

"Hii mimi nazalisha," akasema mzee. "Mimi napea Yosamu. Ya urafiki."

Pale ndipo nilipojifunza, nikiwa mavumbini, kwamba ng'ombe wa urafiki hauzwi wala hapewi mtu mwingine bila aliyemtoa kuambiwa. Kwa hiyo ama Yosamu alikuwa ameutupa urafiki wa miaka yote, ama mimi ni mwizi. Maaskari wawili wakasimama.

"Wewe naiba?" Sajini akauliza.

"Hapana, Afande! Niliazima!"

Kisha mama mmoja akarudia polepole, "Naazima mahari?" na hema zima likaanguka kwa kicheko. Mzee Eriya hakucheka. Akampigia Yosamu simu, na ile simu ilikuwa ya kupiga kelele, kila mtu alisikia: "Iko wapi hiyo Mukongo na picha yake? Ndama nalia tangu jana!"

Bahati alikuja akachutama karibu yangu. Akauliza kwa sauti ya chini, "Baba mudogo, na zile makuta nilikupatia?"

Nikaona huu ndio wokovu wangu. Nikaingiza mkono ndani ya kositimu, nikatoa pesa zimefungwa na mpira uleule, nikaziinua juu wazione wote. "Iko yote, mutoto! Sikugusa hata moja!"

Sajini akazitazama pesa, akanitazama mimi, akazitazama pesa tena. "Mwizi mimi najua kufunga," akasema. "Huyu mimi nafunga na kosa gani?"

Maaskari walicheka mpaka wakafuta machozi. Bahati hakucheka. Angenitukana ningemshukuru, lakini alitoa kitambaa chake cheupe, kile alichonunua kwa ajili ya siku ile, akaanza kunifuta mavi ya ng'ombe begani, polepole, huku hanitazami usoni. Nilimwonea huruma na nilijichukia. Na bado mdomo wangu, mdomo huu, ukafunguka wenyewe: "Nitaleta ingine kesho." Kicheko kikaanza upya.

Wazee walikaa pembeni, wakarudi na neno. Chakula kiliwe kwa kuwa kimeshapikwa. Bibi harusi haondoki. Kijana hana kosa, arudi na mtamba wa kweli baada ya wiki mbili. Kisha mzee Eriya akanionyesha kwa fimbo. "Lakini huyu hapana ongea tena kwa hii nyumba." Fimbo ikasogea kwa Mama Furaha. "Huyu mama nafika mapema na sufuria yake. Yeye naongea." Kwetu mwanamke kusimama kusema maneno ya mahari ni jambo ambalo sikuwahi kuliona, na hakuna mtu wa upande wetu aliyethubutu kupinga.

Nilimrudisha Bihogo jioni ileile. Yosamu alinipokea bila salamu, akamwachia ndama anyonye kwanza, ndipo akanipa maziwa na mimi. Sikurudi nyumbani. Nilibaki Endiinzi nikikata majani na kufagia zizi lake, sina ratiba, sina kalamu, kila kukicha nakwenda kutazama mitamba na kuulizana habari na wenyewe kama wanavyotaka, mpaka mmoja akakubali kuniuzia, na mzee Eriya akaja kumkagua akanyamaza, na kwa mtu yule kunyamaza ni sifa.

Siku ya pili ya mahari nilifika kwa Sajini na mtamba kabla hata viti havijashushwa. Wakanipa kazi: nikae nje ya geti nishike kamba mpaka tuitwe. Basi nikakaa. Wakaingia wote, Bahati akanipita akanigusa bega, na baada ya muda nikasikia kutoka ndani sauti ya mke wangu, haitetemeki: "Mimi mama yake mudogo, nasimama hapa fasi ya baba yake."

Sentensi ile ilikuwa yangu. Kaka yangu aliniachia mimi, na nilingoja kuisema tangu mtoto yule akiwa mgongoni kwangu. Vigelegele vikapigwa, na mimi nikalia pale getini, nikataka kujifuta lakini mkono mmoja ulikuwa na kamba na mwingine unamfukuzia mtamba nzi, nikayaacha machozi yaende.

Kwa hiyo siku hizi mkiniona nimefika kwenye sherehe wenyewe bado wanafagia, nichekeni tu, nimezoea. Ila kama mna kazi, nipeni sasa hivi, msiniambie kesho, kesho siiamini tena.