Kibanda cha Mwisho Kabla ya Kilele

Mke wangu alinituma nipande Mlima wa Musa kwa niaba yake. Nasema alinituma kwa sababu mimi binafsi sikuwa na hamu ya mlima wala jangwa. Mimi ni fundi simu, nina meza yangu katikati ya mji wa Durban, na mapumziko ninayoyajua ni kulala Jumapili mchana. Lakini kanisa letu pale Albert Park liliandaa safari ya Misri na Sinai, na katika nyumba yetu mwenye hamu hakuwa na karatasi, na mwenye karatasi hakuwa na hamu.

Mimi nilitangulia kufika Afrika Kusini, ukaazi wangu ukatoka, na pasi ya kusafiria nikapata. Yeye alikuja baadaye, faili lake likafunguliwa peke yake, na kwa miaka kumi na miwili amekuwa mwomba hifadhi ambaye karatasi yake huongezwa miezi michache, kisha michache tena. Kila akienda ofisi ya wakimbizi anaambiwa amekaribia. Akivuka mpaka, hana pa kurudia. Ndiyo maana mama yake alipofariki Bukavu hakwenda kuzika. Aliyatazama mazishi kwenye simu, kitandani, katika fleti yetu ya ghorofa ya tisa, na picha ikawa inaganda kila baada ya dakika mbili. Mimi fundi nilikaa kando yake nisiweze kuitengeneza.

Kwetu, mtu akifa, wafiwa huvaa nyeusi mpaka siku ya kuondoa matanga. Siku hiyo familia hukutana, huomba, hula, na nyeusi huvuliwa. Wadogo zake kule Bukavu walikataa kuondoa matanga kabla yeye, kifungua mimba, hajamuaga mama. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia, watu wazima watatu wakiwa katika nyeusi kwa sababu ya karatasi moja ya Durban. Basi safari ilipotangazwa, akaja na uamuzi wake. Angemuaga mama yake juu ya mlima ambako Mungu alizungumza na mtu, tena angemuaga kwa sauti yake mwenyewe, kwa simu.

"Weye utakuwa miguu, miye nitakuwa mdomo," aliniambia. "Ufike tu kule juu, unipigie. Hakuna kingine nakuomba."

Nikaona ni kazi ndogo. Nilijua simu, na miguu ninayo.

Tulikuwa watu kumi na wanane. Kiongozi alikuwa mchungaji wetu, mtu mwema sana ambaye sijapata kumwona akiwahi mahali. Lakini mwenye safari hasa alikuwa mama rais wa kamati ya akina mama, na mama rais alikuwa na sare. Sisi Wakongomani tukiwa na jambo bila kitenge cha sare, jambo hilo halijafanyika. Harusi sare, kilio sare, jubilei ya kwaya sare. Kamati ilikuwa imechagua kitenge cha buluu chenye njiwa, kila mtu akashonewa, wanaume mashati, wanawake libaya na liputa, yaani blauzi na kitambaa cha kujifunga kiunoni. Ikapitishwa kwamba hakuna picha itakayopigwa mahali patakatifu bila sare. Mimi niliunga mkono kwa kunyoosha mkono, nikiwaza mambo yangu.

Kairo ndipo nilipoanza kuelewa nilichokipigia kura. Katika kanisa la kale, ambalo chini yake kuna pango wanaloamini Mtoto Yesu alifichwa, tulisubiri nje nusu saa ili watu wabadilishe nguo katika choo kimoja. Tulipoingia, ngazi za kushukia pangoni zilikuwa na foleni ya wageni wengine, muda wetu ukaisha, na nilichokiona mimi ni kisogo cha Mrusi mmoja na taa. Siku ya pili, tulipokwisha kupita chini ya mfereji wa Suez, tulisimama kwenye visima vya Musa. Visima vyenyewe vimekauka, vimezungushiwa mawe, mitende kidogo, akina mama wa Kibedui wanauza shanga. Dakika kumi zingetosha. Tulikaa saa nzima na zaidi kwa sababu sare zilibadilishwa, nyimbo tatu zikaimbwa, kisha mama rais akagundua kwamba mtu mmoja alikuwa na viatu vya rangi tofauti.

Nilimfuata mchungaji nikamwambia hivi hatutafika.

"Papa, haraka haraka haina baraka," akanijibu, akitabasamu.

"Chelewa chelewa, Pasteur, utamkuta mwana si wako," nikasema. Akacheka, akanipiga begani, akaenda kupiga picha. Hasira ilinipanda mpaka masikioni.

Jangwa la Sinai sikulijua. Nilidhani ni mchanga, kumbe ni mawe. Milima myekundu isiyo na hata jani, mmoja nyuma ya mwingine, na barabara moja katikati. Kila baada ya muda kizuizi cha askari, na kila kizuizi pasi zetu zinakusanywa. Wengine walikuwa na za Afrika Kusini, wengine za Kongo, wengine vile vitabu vya wakimbizi ambavyo askari alikuwa akivigeuza mbele na nyuma kama mtu aliyepewa sahani ya chakula asichokijua. Sikuwalaumu. Niliwalaumu wenzangu, ambao walishuka basi kila kizuizi kunyoosha miguu na hawakurudi mpaka waitwe mmoja mmoja. Na mimi niliyekaa dirishani nililiona jangwa kwa vipande tu, maana mchungaji aliomba pazia livutwe asije akaonekana mweusi mno kwenye video yake ya mahubiri.

Siku ya mlima tulipaswa kufika kwenye monasteri asubuhi, kwa sababu hufungwa kabla ya adhuhuri, kisha tuanze kupanda saa sita. Tulifika lango limeshafungwa. Monasteri ile ina kuta ndefu za mawe za karne na karne, na ndani, wanasema, kuna kile kichaka kilichowaka moto bila kuteketea. Nilizunguka ukuta nikitafuta walau tawi lichungulie juu. Halikuchungulia. Watu wametembea jangwani miaka arobaini wakafika, sisi tuna basi lenye kiyoyozi tukachelewa.

Nikasema basi, mlima haufungwi, twende. Ndipo mama rais akasema, "Bado sare."

Sare zote, safari hii, zilikuwa zimepigwa pasi hotelini na kupangwa katika sanduku moja kubwa, zisikunjamane kabla ya kilele. Sanduku hilo lilikuwa chini kabisa ya buti la basi, chini ya masanduku yetu mengine yote. Tuliyateremsha yote kwenye vumbi. Sanduku lilikuwa na kufuli. Ufunguo ulikuwa hotelini, juu ya meza, pembeni ya pasi.

Naomba nieleweke. Ningeweza kusema, liacheni, tupande na nguo zetu. Nilisema, tena kwa sauti. Watu kumi na saba walinitazama kana kwamba nimependekeza tupande uchi. Mwishowe, ili mambo yaishe, nilitoa bisibisi zangu ndogo za simu, ambazo natembea nazo kila mahali, nikapiga magoti mbele ya lile kufuli. Nilikaa nalo karibu saa nzima. Lilipofunguka wakapiga vigelegele, wakasema Mungu ana sababu zake za kumleta fundi. Nilitamani kulia.

Aliyepewa kazi ya kutuongoza mlimani alikuwa Bedui wa pale pale, mtu wa makamo, asiye na maneno mengi. Alitazama saa yake, akatuambia kwa Kiingereza kwamba wa mwisho kupanda ni saa nane, na sasa ni saa tisa. Mchungaji akamsihi. Akakubali kwa sharti moja, kwamba pale atakaposema turudi, tutarudi, kwa sababu ngazi za juu ni mbaya gizani na jua la majira ya baridi huzama mapema.

Nilipanda kama mtu anayefukuzwa. Njia ya ngamia inapinda na kupinda, mawe yanateleza, baridi inakata midomo. Nyuma yangu nilisikia wakiimba, na kila wimbo ukiisha wanasimama kupumua na kupiga picha. Yule Bedui hakutaka mtu atangulie peke yake, basi kila nilipofika kona nilirudishwa kwa mkono kuwasubiri. Mlima ulikuwa mzuri, lazima niseme. Mawe yalikuwa yanageuka rangi ya kutu, na kimya cha pale, tulipokipata, kilikuwa kimya hasa. Tulikipata mara mbili.

Kibanda cha mwisho cha chai kipo pale njia ya ngamia inapoishia na ngazi za mawe zinapoanza. Kilele unakiona. Bedui akaketi, akaagiza chai, akasema, "Hapa basi."

Nilimsihi niende peke yangu. Nikamwambia habari za mke wangu, mama mkwe, matanga, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akatikisa kichwa. Ilikuwa karibu saa kumi na moja, na saa za Misri ni zilezile za Durban. Simu ikaita mfukoni. Alikuwa yeye.

"Ulisha fika?" aliuliza. Nyuma yake nilisikia sauti nyingi. Alikuwa amewaita akina mama wa jengo lote wamsindikize kwa maombi. "Wengine bado wanapanda ngazi, lifti ilikufa tena. Mama wa chini yule magoti inamuuma, na yeye iko anakuja, amefika ghorofa ya saba. Ulisha fika?"

Nikatazama kilele. Nikatazama watu wangu wa buluu wakipanga mistari ya picha, warefu nyuma.

"Nilisha fika," nikasema.

Aliniomba niiweke simu juu ya jiwe, nisiishike, ili awe peke yake pale. Niliiweka, nikarudi nyuma hatua tatu. Alisema na mama yake kwa Kimashi, lugha ya kwao, polepole mwanzoni, kisha kwa mbio, kisha akawa analia na akina mama wanamwitikia. Muuza chai akapita akinadi, "Shai! Shai!"

"Hata kule juu banauzaka chai?" akauliza, katikati ya machozi.

"Wanauza," nikasema.

Nilirudi Durban nikamkuta mtu mwingine. Amevua nyeusi, amesuka, anaimba jikoni. Wadogo zake Bukavu walikuwa wameondoa matanga Jumamosi ya wiki ile ile, wakachinja, wakamtumia picha. Nilijiambia uongo wangu umezaa heri, na uongo unaozaa heri si uongo sana. Nilijiambia hivyo kila siku kwa wiki nzima, na mtu mwenye haki hahitaji kujiambia mara nyingi hivyo.

Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Mimi hata hakuniambia. Alieleza miaka yake kumi na miwili, simu iliyokuwa inaganda, kisha akasema, "Lakini mume wangu alinibeba mpaka kileleni. Miye mwenye sina pasi, nimesimama kwa mlima ya Musa. Amina?"

Kanisa letu hujibu amina kabla hujafunga mdomo. Siku hiyo waliobaki Durban walijibu. Wale kumi na saba walionyamaza walikuwa wamekaa pamoja, ndani ya sare zao, safu mbili za mbele. Mchungaji alikuwa anatazama Biblia yake. Kisha mama rais, Mungu ambariki, akanigeukia, akayaona macho yangu, akapaza sauti, "Amina!" Na wengine wakafuata, kwa nguvu kupita kiasi.

Mke wangu ameishi na amina tangu alipozaliwa. Aliijua ile iliyochelewa. Alishuka madhabahuni, akaketi kando yangu, hakunishika mkono.

 Tulipanda ngazi zetu ghorofa tisa. Alipofunga mlango ndipo akauliza, na nikamwambia. Nilimweleza kufuli, mama rais, Bedui, saa. Nilianza kupandisha sauti kwa hasira juu ya wale watu na vitenge vyao, na akaninyamazisha kwa kiganja.

"Hiyo ya sare miye nisingekasirika," akasema. "Ungeniambia tu, mama, tumeishia kwa muuza chai. Ningeomba pale pale kwa chai. Mama yangu aliuzaka chai sokoni miaka yote, angecheka." Akakaa kitini. "Kwa ofisi, kila mara banasema nimekaribia, bado kidogo, nilisha fika. Miaka kumi na mbili. Weye ndiye mtu mmoja tu nilikuwa naye wa kuniambia kama sijafika."



Akachukua simu, akampigia mdogo wake Bukavu, akaiweka mezani kwa spika. Akamwambia kwamba ile ya mama haijaisha, kwamba atatafuta siku nyingine, wamsamehe kwa matanga waliyoondoa. Mdogo mtu akashangaa, akauliza ilikuwaje, si shemeji alifika kileleni?

Mke wangu hakunitazama.

"Shemeji yako alifika," akasema. "Ni miye nilichokaka njiani."