Koili Ilipokata Roho Mbele ya Watu

Jambo zima lilinigharimu magunia mawili ya ulezi, jogoo mmoja mwenye afya kuliko mimi, na blanketi la mke wangu. Nimehesabu tena, ni vilevile.

Ulezi na jogoo vilichukuliwa na fundi wa karakana ya misheni, kwa sababu pale Sumbawanga ni yeye tu aliyekuwa na osiloskopu: mashine yenye kioo kidogo, inayochora umeme wa plagi za injini kwa mstari wa kijani. Pikapu yangu ilikuwa inazima kila ikipandisha mlima kutoka Ilemba. Injini ikiwa baridi, haina neno. Ikishapata moto, inakohoa, inalala. Nilishachoka kuitengeneza. Nilitaka kuiuza nipate mtaji wa duka langu la Majengo, ambalo rafu zake zilibaki na chumvi na vumbi. La sivyo, turudi Mbeya kwa baba yangu mikono mitupu.

Mnunuzi alikuwa mkulima wa Ilemba. Nilimpeleka karakanani mwenyewe, asubuhi ya baridi kali, kwa makusudi. Mashine ikilisifu gari, nani atabishana na mashine?

Siku hizo televisheni tulizisikia tu. Habari za kioo kinachowaka zilishaenea mjini, na uani tulikuta watu wamejaa. Injini ikawashwa, na vilele vinne vya kijani, kimoja kwa kila plagi, vikasimama kiooni, vimelingana kama wanakwaya. Nikapandisha bei palepale.

"Mbona mlimani inazima?" mkulima akamuuliza fundi. "Mimi mwenyewe nimeshaisukuma."

Fundi akafikiri. "Basi tuulete mlima hapa."

Akavuta blanketi la mke wangu, nililolitandika kwenye kiti cha pikapu, akafunika redieta na injini, akaiacha ingurume. Tukasubiri. Vilele vikaanza kutetemeka, vikafupika vyote kwa pamoja, mstari ukalala. Injini ikazima.

"Plagi zote haziwezi kuugua pamoja," fundi akasema. "Ni koili, ndiyo inayozipa zote umeme. Ikipata moto inakufa."

"Mpya je?" nikauliza.

"Hapa hakuna. Mbeya hakuna. Dar es Salaam wenyewe wanaulizana."

Mtu mmoja akavua kofia. "Poleni wafiwa!" Ua mzima ukacheka.

Mkulima hakucheka. Alinipa mkono. "Ndugu, ningeiona peke yangu, ungenizungusha mpaka ninunue. Sasa imeonwa na mji mzima. Utamuuzia nani?"

Asubuhi nilikuwa na gari bovu na matumaini. Sasa nilikuwa na gari bovu tu.

Nyumbani Kizwite majirani walishamaliza kumsimulia mke wangu. Alilikunjua blanketi. Katikati palikuwa na tundu lililoungua, kichwa cha mtoto kingepita.

"Habari za gari sizitaki," akasema. "Ila blanketi langu, baba watoto, utanilipa lini? Maana baridi ni ya leo."