Kapeti la Kijani la Mdogo Wangu

Mara ya kwanza kujinyoosha kwenye mchanga wa Ngumbo, kule ziwani, nilipata kizunguzungu. Nilikuwa kijana, nimeshuka na mahindi kuyabadilisha na usipa, hivi visamaki vidogo vya kukausha. Baada ya chakula wenyeji wangu wakanitandikia mkeka ufukweni nipumzike. Pale chini palikuwa bapa kabisa. Sisi Wamatengo tumezaliwa miteremkoni, tunalima tumeegemea mlima, na hata nyumbani unajua mwenyewe upande upi ni wa chini. Nikawa nashika mkeka kwa mikono miwili. Mzee mwenye nyumba akacheka mpaka akakohoa. "Kijana, shikilia vizuri, ziwa lisije likakumwaga!" Ule usipa wenyewe ulinyeshewa nikiwa njiani kupanda, ukaoza, na mama hakunisemesha siku mbili. Hayo tuyaache.

Ninachotaka kusema ni kwamba kwetu Mbinga mahali bapa hapapatikani bure. Uwanja wa mpira ulichimbwa na watu, na uwanja wa kanisa vilevile. Kwa hiyo mdogo wangu aliponiambia anataka sehemu bapa nyuma ya nyumba yake, bapa kama meza, nilicheka.

Huyu mdogo wangu tulinyonya ziwa moja. Mimi shule niliishia darasa la pili, yeye akasoma, akapata kazi kwenye makaa ya mawe kule Ngaka, kupima malori. Huko bosi mmoja mgeni alimfundisha gofu, wanacheza kwenye udongo mtupu nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Halafu kiharusi kikamwangusha. Upande wa kulia ukalala, mkono na mguu, na jicho la upande huo likawa halioni vizuri. Mtaalamu wa mazoezi akamwambia, kila siku simama, tembea, sukuma kitu kwa mkono huo, utarudi. Akakumbuka gofu. Akaagiza Dar nyasi za plastiki, zikaja kwa basi zimeviringishwa kama jamvi la msibani.

"Kaka," aliniambia, mdomo umepinda, "nikiweza kuingiza mpira kwenye kishimo mara tatu mfululizo, najua nimepona."

"Na usipoweza?"

"Ndipo mtanunua sanda."

Alikuwa anatania. Lakini mkewe aliinuka akaenda jikoni.

Kuchimba nikajitwisha mimi, na fundi wa duka lile la Dar akanipa maelekezo kwa simu. Toa udongo wa juu, jaza kokoto, shindilia, weka vumbi la mawe, shindilia tena, pima kwa pimamaji, ndipo utandike nyasi na kuzipigilia misumari pembeni. Kokoto zilikuja tripu moja. Upande wa chini ukabaki na shimo la kunifika kiunoni. Mdogo wangu alikuwa hospitali kwa mazoezi wiki mbili, na mimi nilitaka akirudi akute kazi imekwisha. Yule fundi wa simu, kijana tu, anasema ongeza kokoto. Nikajiambia, mtoto wa Dar atanifundisha mimi udongo?

Sisi tunalima ngolo. Unafyeka majani, unayalaza kwa mistari mlimani, unayafukia kwa udongo, katikati panabaki shimo la kushika maji. Mlima hauporomoki. Ndivyo nilivyofanya. Nikafyeka majani mengi, nikayalaza, nikafukia, nikalaza tena mpaka shimo likajaa.

"Shemeji, na hayo majani?" mke wa mdogo wangu akauliza.

"Ya kushika udongo."

Ni kweli yanashika. Ila yanaoza, ndiyo kazi yake, yaoze maharage yastawi. Hilo nalijua tangu sijaota ndevu. Sijui kwa nini siku ile sikulijua.

Kiangazi chote mambo yalikuwa mazuri. Mdogo wangu alisimama kwenye ule ukijani, fimbo mikononi, akawa anaingiza mpira mara moja, mara mbili. Siku moja aliingiza mara mbili mfululizo, akaniita kwa sauti, "Kaka! Bado mmoja!" Nilimwona akitembea hatua kumi na mbili bila kushika ukuta.

Mvua zikaja. Mpira ukaanza kukata kwenda upande wa chini. Mara ya kwanza akalaumu fimbo, mara ya pili upepo. Baadaye akakaa kwenye kiti, akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Mkono unarudi nyuma, kaka. Nasukuma vizuri, wenyewe unapotosha."

Alipoingia ndani nilikanyaga kapeti kwa miguu mitupu. Chini palibonyea, mstari hadi mstari, kama nilivyolaza. Kwa jicho huwezi kuona, nyasi zile zimesimama vilevile. Mkono wake ulikuwa mzima. Shamba langu ndilo lililokuwa linaoza.

Sikusema. Nilijiambia nitamwambia Jumapili, baada ya misa. Jumapili ikapita. Akaacha fimbo, akaacha kutembea, akaanza kulishwa kwa kijiko. Fundi wa kujaza kokoto angepatengeneza kwa siku tatu, ila ingebidi afunue kapeti, na angekuta majani.

Mchana mmoja aliniita chumbani. Alikuwa amekonda, sauti imebaki kidogo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Wewe hujawahi kunidanganya. Huu mkono umekwisha, au bado?"

Jibu la kweli lisingefika hata maneno kumi. Niliutazama ule mkono juu ya blanketi, vidole vinajikunja, vinajikunjua.

"Pumzika kwanza," nikamwambia.

Nilitokea mlango wa nyuma. Mkewe alikuwa anachambua mboga.

"Shemeji, usiende mbali, ugali unakaribia kuiva."

"Nakuja sasa hivi."

Nikapita pembeni ya kapeti, nikafungua geti, nikashika njia ya Mpepai. Sikurudi tena.